Fidla Upande wa Heshima

Siku ambayo tanuri kubwa la mji wa Naryn linawashwa, maji ya moto yakaanza kukimbia kwenye mabomba ya nyumba za ghorofa, watu hupigiana simu kupeana hongera. Kina mama huvua sweta, watoto hutupa soksi, wazee huligusa bomba kwa kiganja na kumshukuru Mungu. Zuura aliyapokea mabomba hayo kwa matusi. Aliyagusa kama wengine, ndiyo, lakini aliyagusa ili ajue adui ameamkaje.

"Haya, umeshakuja, mnyonyaji," aliliambia bomba la sebuleni, na papo hapo akaanza kazi. Mataulo mabichi juu ya kila bomba. Mitungi ya maji chini ya kila dirisha. Na katika chumba kidogo cha nyuma, juu ya kigoda, ile mashine nyeupe ya unyevu, inayotema ukungu wake mwembamba tangu majani yanapodondoka mpaka theluji inapoyeyuka. Majirani walisema ukiingia kwa Mwalimu Zuura wakati wa baridi utadhani umefungua mlango wa bafu watu wakiwa wanaoga. Walicheka sana. Zuura hakuona cha kuchekesha. Wao walikuwa na makochi na televisheni, yeye alikuwa na fidla.

Hewa ya majira ya baridi kule milimani ni kavu tangu ikiwa nje. Ukiiingiza ndani ukaipasha moto inapata kiu ya kichaa, inanyonya maji popote itakapoyakuta: kwenye midomo ya watu, kwenye mkate uliosahauliwa mezani, kwenye mbao. Mlango wa mbao ukikauka unapiga kelele kidogo basi. Fidla ni ubao mwembamba uliogundishwa pande zote. Ikikauka inataka kusinyaa na haina pa kusinyalia, kwa hiyo inapasuka. Zuura alikuwa amewafafanulia watu jambo hili tangu ujana wake, kwa upole kwanza, kisha kwa ukali, na mwishowe akachoka, akawa anawafungia mlango tu.

Fidla yenyewe aliachiwa na mwalimu wake, Bi Emma, Mjerumani aliyeletwa milimani wakati wa vita pamoja na watu wake wote, akiwa na nguo alizovaa na sanduku la fidla mkononi. Bi Emma hakuzaa. Alifundisha watoto wa wachungaji kushika upinde, akawapiga vidole kwa rula, akazeeka, na alipokaribia kufa alimwita Zuura, mkali mwenzake, akamwambia achukue sanduku na aache kulia. Toka hapo Zuura naye alifundisha kwenye shule ya muziki ya mji, na naye aliwapiga watoto vidole, na nusu ya mji ilikuwa imepita mikononi mwake ikiwa na alama nyekundu na uwezo wa kutofautisha sauti safi na uchafu.

Fidla hiyo ilikuwa na ufa. Ulitokea majira ya baridi ya kwanza baada ya Zuura kuolewa, pale mama mkwe wake alipoihurumia, akaitoa kwenye sanduku na kuilaza rafuni juu ya jiko la makaa, isipate baridi. Fundi wa mji mkuu, Bishkek, aliuziba kwa gundi. Kisha akamwonyesha, kwa kumulika ndani na tochi, kile kijiti kinachosimama tumboni mwa fidla kati ya kifua na mgongo. Wenye kazi hiyo hukiita roho. Ufa ulikuwa umeishia upana wa kidole kabla ya kuifikia roho.

"Ukifunguka tena utapita hapa," fundi alimwambia. "Ukipita hapa, usiniletee. Mtafutie kaburi."

Kwa hiyo mashine. Kwa hiyo mataulo. Mume wake, Jyrgal, dereva wa lori, mtu mpole wa kucheka na nzi, ndiye aliyekuwa akiilisha mashine. Maji ya bomba ya Naryn yana chokaa, yakitoka kwenye mashine yanaacha unga mweupe kila mahali, basi Jyrgal alikuwa akiyachemsha jioni, anayaacha yapoe, asubuhi anamimina bila kumwaga hata tone.

"Mke mkubwa ameshakunywa?" alikuwa akiuliza kila akirudi safari.

"Ameshakunywa."

"Na huyu mdogo ataninywesha chai, au naye ana ufa?"

Jyrgal alikuwa amekufa kwa moyo, akiwa kwenye usukani, lori limeegeshwa vizuri pembeni ya barabara. Zuura sasa aliyachemsha maji mwenyewe, na alimkasirikia marehemu kila alipowasha jiko, kwa sababu mtu anayekuzoesha utani namna ile hana haki ya kuondoka.

Jyrgal alikuwa na kaka. Ukoo mzima ulimjua kwa jina lake, na mji pia, maana alikuwa muuza makaa mkubwa kuliko wote na jina limeandikwa kwenye malori. Zuura alimwita Kaka Mkubwa. Mwanamke wa kule akiolewa hatamki jina la kaka mkubwa wa mumewe, mpaka afe yeye au afe huyo kaka, na Zuura, pamoja na ukali wake wote, hakuwahi kulitamka. Hospitalini alipoulizwa aliliandika kwenye karatasi. Mwaka ule Kaka Mkubwa alipopotea kwenye dhoruba akitafuta farasi, wanaume wote walipanda mlima wakiliita jina lake, naye Zuura akawa anapiga kelele, "Kaka Mkubwaaa," na kila kaka mkubwa wa kila mtu aliyekuwa mlimani akaitika. Jyrgal aliicheka hadithi hiyo mpaka anakufa. Basi hata hapa tutamwita hivyo hivyo.

Hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lililomchoma Zuura zaidi, maana mtu mbaya unamfungia mlango na mambo yamekwisha. Kaka Mkubwa alimzika Jyrgal kwa heshima, akachinja farasi wake mzuri, akalia mbele ya watu bila kuona haya. Ila alikuwa amezoea kusema na watu kutenda. Na kila alipokaa kwenye karamu, mwaka nenda mwaka rudi, Zuura ndiye aliyepiga goti mbele yake na beseni na birika, akammiminia maji ya kunawa. Kaka Mkubwa hata kutazama hakutazama. Alikuwa akiendelea na maongezi yake huku amenyoosha mikono, na maji yanakuja.

Alikuja wiki moja ya Januari, baridi ya kugandisha mate, akakaa upande wa heshima, ule ulio mbali kabisa na mlango, na akatazama kuta zilizotoa jasho.

"Nyumba yako ina unyevu kama zizi la ng'ombe, mke wetu."

"Ni kwa ajili ya fidla, Kaka Mkubwa."

"Hiyo hiyo ndiyo iliyonileta." Akanywa chai, akajifuta masharubu. "Wakwe wanakuja. Wale wa Bishkek, wazazi wa binti anayeolewa na mwanangu. Mama yake anapenda muziki. Nimewaambia kwetu tuna fidla ya Kijerumani, ina umri mkubwa kuliko baba zetu. Walinyamaza, mke wetu. Mimi nilitaja farasi, wakala nyama. Nilitaja nyumba, wakala nyama. Nilipotaja fidla wakaacha kutafuna."

"Nitakuja nayo siku hiyo. Nitawapigia, halafu nitarudi nayo."

"Uje nayo siku hiyo, kama fundi bomba na mfuko wake?" Kaka Mkubwa alicheka, bila ubaya. "Kitu cha heshima hakifiki na mgeni. Mgeni anakikuta. Nataka ining'inie ukutani, upande wa heshima, karibu na ile komuz ya baba ya nyuzi tatu. Ipeleke mapema, izoee nyumba."

Zuura alikuwa akiijua ile nyumba mpya ya shemeji yake. Upande wa heshima ulikuwa ukuta wa madirisha, na chini ya madirisha, kutoka kona mpaka kona, Kaka Mkubwa alikuwa ameweka bomba la joto nene kama paja la mtu, kwa sababu makaa ni yake na haogopi kuyachoma.

"Joto kavu litaipasua," alisema. "Ina ufa."

"Joto halijawahi kumuua mtu wa Naryn. Kwangu watu wanakaa na fulana. Fidla yako itapata raha ambayo haijaipata tangu Mjerumani wake afe."

"Kaka Mkubwa, si kama mtu. Ubao wake..."

"Komuz ya baba imening'inia ukutani tangu sijaota meno. Moshi umeipiga, joto limeipiga, watoto wameipiga. Hata siku moja haijaomba maji." Alipoona Zuura bado amesimama na mdomo umekazwa, aliweka kikombe chini, na sauti ikashuka. "Ulipoolewa uliingia kwetu na vitu vyako. Au Jyrgal alipokufa ulitoka?"

Hilo lilikuwa kama kupigwa kofi kwa mkono uliovaa glavu. Mjane akijibu vibaya hapo, amejitoa mwenyewe kwenye ukoo, na mume wake kaburini amebaki bila mke.

"Sikutoka, Kaka Mkubwa."

"Basi."

Alipokwisha kuondoka, Zuura alilikamua taulo moja mpaka likalia, akalikamua la pili, akatukana kwa Kirusi, maana kwa Kikirgizi angejisikia anamtukana marehemu pia. Alimtukana Kaka Mkubwa, akamtukana huyo mama wa Bishkek na masikio yake. Kisha akajitukana yeye. Angeweza kumsimamisha mkaguzi wa shule katikati ya hotuba na kumwambia kipaza sauti chake hakijawekwa sauti sawa. Mbele ya yule mzee ulimi wake uliganda kama ndimi zote za wanawake wa ukoo ule, na aliichukia ile ganzi kuliko alivyomchukia aliyeisababisha.

Aliipeleka fidla mwenyewe, amelifunga sanduku ndani ya mablanketi, na mkono wa pili amebeba mashine. Kaka Mkubwa alikuwa kwenye malori yake. Mkewe, Uulkan, mwanamke mnene mwenye macho ya kucheka, alimpokea mlangoni.

"Umekuja na mtoto na yaya wake."

"Dada, nisikilize vizuri. Ikishatundikwa, hii mashine ikae chini yake, hapa, isizimwe mchana wala usiku. Maji yaliyochemshwa tu. Na bomba hili mlipunguze."

"Kupunguza sahau. Mwenyewe akipata ubaridi anadhani amefilisika." Uulkan aliinama akasikiliza mashine. "Inakoroma kama yeye. Sawa, mdogo wangu, nitaijaza. Wallahi nitaijaza."

Zuura aliitundika fidla kwa mikono yake, akaiwashia mashine, akaona ukungu unapanda mpaka kifuani mwa ubao. Akasimama pale muda mrefu. Alitaka kuishusha na kukimbia nayo, na badala ya kufanya hivyo akavaa buti, akarudi nyumbani. Siku zilizofuata hakulala vizuri. Alipiga simu kila asubuhi. "Nimeijaza," Uulkan alisema kila mara, na alisema kweli.

Siku ya wakwe, Zuura alifika mapema na aproni yake kusaidia jikoni, kama inavyompasa. Alifungua mlango, akainama avue buti, na uso wake ukakutana na ukungu mwororo, wa vuguvugu. Mashine ilikuwa pale mlangoni, chini, katikati ya viatu vya familia nzima, inatema kwa bidii. Buti za Kaka Mkubwa, za ngozi ya kondoo, zilikuwa zimeota umande.

Aliingia jikoni bila hata salamu.

"Dada. Mashine imefikaje mlangoni?"

Uulkan alikuwa akikunja unga wa tambi, hakuinua kichwa. "Aliihamisha mwenyewe siku ile ile uliyoondoka. Alisema chombo cha maji upande wa heshima ni kuwatusi wageni. Maji kwetu yanakaa mlangoni, mdogo wangu. Beseni, birika, ndoo. Na wewe na mimi." Akapangusa mikono. "Lakini sikuizima hata dakika moja. Nimeijaza kila asubuhi, maji ya kuchemsha, kama ulivyosema. Nimekosea?"

Zuura alimtazama, akaona kwamba hana mzaha. Mwanamke wa watu alikuwa ameamka kila alfajiri kunywesha viatu.

"Hukukosea, dada," alisema, akaenda sebuleni.

Sebuleni joto lilikuwa la kupikia mkate. Mito ya kukalia ilikuwa imepangwa, nguo ya chakula imetandazwa, boorsok, vile vimaandazi vya kukaangwa, zimemwagwa kutoka mwisho hadi mwisho. Ukutani, kati ya madirisha mawili, komuz ya baba mkwe ilining'inia, nyeusi kwa moshi, ngumu, haina habari. Kando yake fidla. Nyuzi mbili zilikuwa zimelegea kabisa, zinabembea, kwa sababu vigingi vinavyozikaza vimesinyaa na kuteleza kwenye matundu yake. Zuura aliweka kiganja kifuani mwa ubao. Ulikuwa wa moto kama paji la uso la mgonjwa. Na ule mstari wa gundi ya zamani, ambao siku zote ulikuwa hauonekani mpaka uutafute, sasa ulionekana wenyewe, kama unywele uliodondokea juu ya maziwa.

Bado. Bado ulikuwa haujapita. Ikishushwa sasa hivi, ikafungwa ndani ya mataulo, ikapelekwa nyumbani taratibu, ingepona. Aliinua mikono yote miwili.

"Acha hapo hapo, mke wetu," Kaka Mkubwa alisema nyuma yake, amevaa kofia mpya na tabasamu. "Wako getini."

Na kweli walikuwa getini. Walikuwa wanashuka kwenye gari, wanapiga buti chini, wanaingia na mvuke wao wa nje, na Zuura akajikuta yuko mlangoni anapokea makoti. Mikono ilifanya yale iliyozoea kufanya.

Karamu ilianza. Chai kwanza, halafu mafuta na asali, halafu soseji ya nyama ya farasi. Zuura alikaa karibu na mlango pembeni ya samovar, lile birika kubwa la kuchemshia maji, akamimina chai na kupitisha vikombe, na kila kikombe kilipokwenda juu macho yake yalikwenda nacho mpaka ukutani. Baba wa binti alikuwa mtu mnyamavu. Mkewe, Bi Klara, mwenye miwani na mkufu wa lulu, alikuwa ameketi chini ya fidla, na alikuwa anageuka kila mara kuitazama.

"Ni nzuri mno," alisema. "Inapigwa bado, au ni ya kumbukumbu?"

Kaka Mkubwa alikuwa akilisubiri swali hilo tangu asubuhi. "Inapigwa. Aliye mlangoni pale ndiye mwenyewe, mke wa marehemu mdogo wangu. Mke wetu, wape wageni kitu."

Zuura alipanda mpaka upande wa heshima, akaishusha. Hata kabla hajaigeuza aliona kwamba haiwezekani.

"Nisameheni," alisema, macho chini. "Imekauka. Leo haitaimba. Nikizikaza nyuzi itapasuka."

"Imekauka," Kaka Mkubwa akarudia, akawatazama wageni. "Nyie watu wa Bishkek, nyumba mnajengea mbao mbichi?"

Mzee mmoja wa ukoo akacheka, na wengine wakafuata. Bi Klara alisema kwa haya kwamba haidhuru, siku nyingine. Lakini haya yake ndiyo iliyoharibu mambo, maana Kaka Mkubwa aliona heshima yake inateleza mbele ya wakwe, na mtu huyo alikuwa hajazoea kuona kitu chake kinateleza.

"Lete hapa. Ni nyuzi tu zimelegea."

"Kaka Mkubwa, usizikaze. Nakuomba."

"Nilikuwa nakaza komuz kabla hujazaliwa." Na aliichukua. Si kwa kunyang'anya. Aliichukua kama mtu anavyochukua kitu chake kwa mtu anayemshikia, na mikono ya Zuura, Mungu aihukumu, ikaachia. Aliibana kwenye goti, akakigandamiza kigingi cha kwanza kwa kidole gumba, kama wanavyofanya wapiga komuz wote, akakizungusha. Uzi ukapanda ukilia. Akakizungusha tena. Alikuwa na sikio zuri, hilo tusimnyime. Aliitafuta sauti, akaikaribia, na ili aipate akaongeza kidogo.

Sauti iliyotoka ilikuwa ndogo, kavu, kama mtu amevunja kuni chumba cha pili. Nyuzi zikafyatuka, kile kidaraja kinachozishika kikaruka kikaangukia kwenye bakuli la asali. Ufa ulikuwa umetoka juu mpaka chini, ungeweza kuingiza kucha. Kaka Mkubwa aliiinamisha fidla atazame, na ndani kukasikika kitu kinabingirika, tok, tok, kutoka upande huu kwenda upande ule. Zuura alikijua. Ilikuwa roho.

Bi Klara alikuwa ameweka mkono mdomoni. Kaka Mkubwa aliigeuza mara moja tena, kitu kikabingirika tena, akailaza juu ya mto taratibu. Uso wake ulikuwa mwekundu, na kwa mara ya kwanza tangu Zuura amjue alionekana mzee. Pengine kama angesema neno moja hapo, neno dogo tu, mambo yangekuwa mengine.

"Ubao ni ubao," alisema. "Gundi ipo. Mafundi wapo." Akakohoa, akapiga makofi mawili. "Haya, nyama isipoe. Mke wetu, maji ya kunawa."

Zuura aliitazama fidla juu ya mto. Ilikuwa imelazwa uso juu, mahali ambapo yeye mwenyewe hajawahi kukaa. Akageuka. Mwanamke wa ukoo hatoki upande ule kwa kuwapa wazee mgongo, hurudi kinyumenyume. Yeye aliwapa mgongo wote, akatembea mpaka mlangoni, kati ya viatu, akachomoa waya wa mashine. Ukungu ukakatika. Alilitoa tangi lake, lililokuwa limejaa maji ya Uulkan, yaliyochemshwa, yaliyopozwa, safi kabisa. Akachukua beseni. Akatupa taulo begani.

Maji ya kunawa huanza kwa mgeni mkubwa. Baba wa binti alikuwa ameshaanza kukunja mikono ya shati. Zuura alimpita. Akampita Bi Klara, akampita yule mzee aliyecheka, akafika mbele ya shemeji yake, akapiga goti pale pale alipokuwa akipiga siku zote, akaweka beseni.

Uulkan alikuwa amesimama mlangoni na sinia kubwa la nyama, mvuke unapanda usoni mwake. Yeye ndiye aliyelisikia vizuri kuliko wote, maana hata yeye, mke wa ndoa, alikuwa hajawahi kulisikia kutoka mdomo wa mwanamke aliyeolewa nyumba ile.

"Nawa mikono, Doolotbek," Zuura alisema.

Hakupaza sauti. Alilitamka jina hilo polepole, lote, kama anavyomtajia mwanafunzi sauti aliyoikosea. Boorsok ikabaki njiani kwenda mdomoni kwa mtu, na mwana wa nyumba, yule bwana harusi, akatazama sakafu. Tangi lilikuwa limeinama tayari juu ya beseni.

Na Doolotbek, ambaye maisha yake yote maji yalikuwa yakija yenyewe, akanyoosha mikono.